Maswali ninayouliza kabla sijatoa dawa ya tumbo

Nauza dawa Mbagala, Dar es Salaam, na maneno ninayoyasikia kuliko yote ni "Dokta, nipe dawa ya tumbo." Mimi ni muuguzi, si daktari, lakini huku kwetu kila aliye nyuma ya kaunta ya dawa ni dokta. Wengi wanakuja na majina kabisa: Flagyl, Buscopan, au Diclopar ya kutuliza maumivu. Na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hayupo, kalala nyumbani, katuma mtu. Ndiyo maana siuzi kabla sijauliza. Mojawapo ya matumbo hayo linaweza kuwa kidole tumbo, na hilo halina dawa dukani kwangu.

Swali la kwanza ni hili: lilianza kuuma wapi, na sasa linauma wapi?

Kidole tumbo ni kijifuko chembamba, urefu wake kama wa kidole, kilichoshikana na mwanzo wa utumbo mpana, chini upande wa kulia. Tundu lake likiziba, ute unajaa ndani, bakteria wanazaliana, kinavimba. (Ile habari kwamba kinazibwa na kokoto za mchele na mbegu za mapera tumeisikia sote tangu utoto. Kinachoziba kwa kawaida ni kinyesi kilichokauka, au nyama za ndani ya kijifuko chenyewe kuvimba.) Mwanzoni maumivu hayana mahali maalumu. Ukimwambia mgonjwa aonyeshe, anazungusha kiganja kizima kitovuni, au anagusa chembe ya moyo. Zinapita saa kadhaa, kwa kawaida haizidi siku moja, maumivu yanahama. Yanashuka chini kulia na kutulia hapo, na sasa anaonyesha kwa ncha ya kidole. Pima kwa macho kutoka kitovuni hadi kwenye mfupa wa nyonga ya kulia unaochomoza mbele, gawa mara tatu: ni ile theluthi iliyo karibu na mfupa. Charles McBurney, daktari wa upasuaji wa New York, aliieleza sehemu hiyo mwaka 1889, na mpaka leo madaktari wanabonyeza palepale.

Swali la pili, chakula. Mwenye kidole tumbo kwa kawaida hataki kula. Anasikia kichefuchefu, anaweza kutapika, ila sana sana maumivu yametangulia, kutapika kumefuata. Aliyeanza kwa kutapika na kuharisha, ndipo tumbo likasokota, mara nyingi ni chakula kibaya.

La tatu nawauliza waliofika kwa bajaji au bodaboda: matuta umeyaonaje? Tumbo la kidole tumbo halipendi kutikiswa. Kila tuta mtu anashika upande na kukunja uso. Akikohoa, hivyo hivyo. Akitembea, anainama kidogo na kuburuza mguu wa kulia. Mtoto mwambie aruke kwa mguu mmoja, atakataa. Jaribio moja linatosha, msikae mnambonyezabonyeza tumbo kwa zamu ukoo mzima.

Homa ipo, lakini mwanzoni si kali, huwa kati ya 37.5 na 38.5. Hapa watu hukimbilia kipimo cha malaria. Pimeni, sikatai, ila jibu lolote litakalotoka, maumivu ya chini kulia bado yanahitaji maelezo.

Siku moja alikuja kijana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani anaumwa?"

"Mdogo wangu, tumbo, tangu jana jioni. Mama kasema nichukue Flagyl na Diclopar."

"Jana lilimuuma wapi?"

"Kitovuni. Usiku katapika."

"Na leo?"

Akajishika mwenyewe juu ya nyonga ya kulia. "Hapa."

"Kala?"

"Kaletewa chipsi mayai, kakataa."

Sikumuuzia kitu. Nilimwambia akamwambie mama yake wampeleke hospitali ya Temeke muda huohuo, na mdogo wake alifanyiwa upasuaji usiku ule.

Sasa kuna maneno mawili hapa mjini yanayochelewesha watu kuliko foleni ya Barabara ya Kilwa: chango na ngiri. Binti akiumwa chini ya kitovu, anaambiwa ni chango, anachemshiwa mizizi. Mwanaume akiumwa palepale, ni ngiri, ananunuliwa dawa kwenye chupa ya maji. Nawaheshimu wazee wetu, lakini maumivu mapya ya chini kulia yanayozidi kila saa si ya kuchemshiwa. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, maumivu hayo yanaweza pia kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, au kifuko cha mayai kilichojinyonga, na mimba ya nje inaua kwa kuvuja damu ndani. Kama amekosa siku zake, anatokwa damu, au anasikia kizunguzungu, msisubiri hata dakika. Kwa mvulana, muulize kwa faragha kama pumbu linauma. Likijinyonga, kuliokoa ni suala la saa chache, takriban sita, na wavulana wengi kwa aibu husema "tumbo".

Wapo ambao dalili hazifuati mpangilio. Mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kulia tu, kukataa kunyonya au kula, na kuvimba tumbo. Mzee anaweza kuwa na maumivu kidogo na homa isiyoonekana, kumbe ndani hali ni mbaya. Mjamzito anaweza kuumia juu zaidi, kwa sababu kizazi kinasukuma utumbo. Wengine kidole tumbo chao kimejificha nyuma, wanaumwa mgongo au ubavu, au kimeinamia kibofu, wanakojoa kila mara na kuambiwa ni UTI. Wanaopata zaidi ni wa miaka 10 hadi 30, ila hakuna umri uliosamehewa.

Baada ya kama siku moja na nusu tangu maumivu yaanze, hatari ya kidole tumbo kupasuka inapanda, na kwa watoto wadogo inaweza kuwa mapema zaidi. Na hapa naomba usome taratibu: kikipasuka, maumivu yanaweza kupungua ghafla. Mgonjwa anapumua, familia inasema alhamdulillah. Saa chache baadaye tumbo zima linauma, linakuwa gumu, homa inapanda, moyo unaenda mbio. Maumivu makali yaliyopoa ghafla bila matibabu ni sababu ya kwenda hospitali, si ya kubaki.

Mkiwa njiani au mnajiandaa: asile, kwa sababu anaweza kuingizwa chumba cha upasuaji. Msimpe dawa ya kumfanya aharishe, msimpige bomba la kusafisha tumbo, msimkande kwa maji ya moto. Kama ameshameza Panadol haijaharibu uchunguzi, mwambieni tu daktari alimeza nini na saa ngapi. Ninachokiogopa ni Diclopar ya kulala nayo mpaka kesho.

Nendeni hospitali yenye chumba cha upasuaji: Temeke, Amana, Mwananyamala, au iliyo karibu nanyi. Zahanati ikiwa ndiyo jirani, piteni, lakini waombeni rufaa mapema. Mkifika, ingieni upande wa dharura. Daktari atabonyeza tumbo, atapima damu na mkojo, mwanamke atapimwa ujauzito, na pengine ultrasaundi. Tiba ya kawaida ni kukitoa, kwa kupasua sehemu moja au kwa matundu madogo. Baadhi hutibiwa kwa antibayotiki, lakini huo ni uamuzi wa daktari akiwa amemwona mgonjwa, si wa kaunta yangu. Hela isiwafungie ndani: hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii, semeni hali yenu wazi.

Na mkirudishwa nyumbani na dawa za UTI au taifodi, kisha maumivu yakazidi au yakahamia chini kulia, rudini usiku uleule. Mwambieni daktari saa yalipoanza, yalipoanzia, na yalipo sasa.