Lori la jeshi lililolala: usiliwashe kwanza

Wengi wanaoniletea lori la zamani la jeshi huja na vitu viwili, betri mpya na haraka. Swali lao ni moja: "Fundi, litawaka?" Litawaka. Dizeli ya zamani haina makuu; ikipata mafuta na mgandamizo itakohoa moshi mweupe kisha iwake, hata kama imelala miaka minane chini ya mwembe. Shughuli ni siku utakapotaka kulisimamisha. Kwa hiyo mimi betri nazichukua nazifungia stoo, na kazi naianzia magurudumuni.

Lori ninalolitolea mfano hapa ni Bedford MK la jeshi la Uingereza, tani nne, foo wili (linavuta kwa magurudumu yote manne), la miaka ya 1970. Lilifika gereji kwangu Ngamiani likivutwa na Fuso, ndani kuna majani makavu na kuku ametaga kwenye kiti cha utingo. Mwenyewe alilinunua kwa mtu aliyekuwa akibebea mbao huko Maramba. Tanga husemwa ni waja leo waondoka leo. Hili lilikaa miezi kumi na minne, na mitatu kati ya hiyo tulikuwa tunangoja raba za breki.

Mimi Bedford imenisomeshea watoto, kwa hiyo sijifanyi hakimu. Ila sababu ya kuipenda ninayo. Kebini ya MK na injini yake ni ndugu wa TK, lile lori la kiraia ambalo wazee wetu walibebea kila kitu. Injini ni silinda sita za mstari, lita 5.4, na imekaa nyuma ya viti. Unaifikia kwa kunyanyua vifuniko vya pembeni, nyuma ya milango. Kijana aliyezoea Fuso ya kulaza kebini atazunguka lori mara mbili akitafuta pa kushika. Vipuri vingi vya injini ya TK vinaingia. Vya difu ya mbele, transifa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma) na breki usikubali maneno ya dukani. Nenda na cha zamani mkononi, pima hapohapo.

Kabla ya kushika spana, lisome gari. Mpe kijana msasa wa maji asugue mlango taratibu. Chini ya rangi ya buluu ya yule bwana wa mbao tulikuta kijani na madoa meusi, kisha ikajitokeza namba ya jeshi: tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Vibao vya bati vya dashibodi usivipake rangi, vina maelezo utakayoyahitaji baadaye. Na huku nyuma tulikuta kitu kilichomchekesha kijana wangu. Tumbo la difu limepakwa rangi nyeupe, na juu yake, chini ya bodi, kuna kitaa kidogo kinalimulika. Msafara wa jeshi ukitembea usiku taa kubwa zimezimwa, dereva wa nyuma hufuata lile doa jeupe tu. Mwenye lori akasema kitaa hicho king'olewe, kina kazi gani. Nikamwambia hilo tutalizungumza mwishoni.

Sasa breki. Hizi ni breki za mafuta zinazosaidiwa na upepo. Kompresa inajaza matangi, ukikanyaga pedeli upepo unasukuma mafuta ya breki mpaka kwenye magurudumu. Maana yake gari moja lina magonjwa ya aina mbili. Anza na mafuta. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na hewa yetu ya pwani unaijua, chumvi ukiiacha mezani asubuhi imelowa. Fungua nipo ya kutolea upepo kwenye kila gurudumu utazame kinachotoka. Kikiwa na rangi ya chai ya rangi, una bahati. Kikitoka kama uji wa ulezi, shusha wili silinda zote, yaani silinda ndogo za breki zilizomo magurudumuni, hata ile inayoonekana nzima.

Zikishuka, toa pistoni na raba, osha silinda kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe. Usioshe kwa dizeli, usioshe kwa petroli. Hili nalijua kwa kulilipia. Nikiwa bado kijana wa gereji ya mtu, niliosha wili silinda za lori la mbao kwa dizeli, nikafuta kwa tambara, nikafunga raba mpya nikijiona fundi. Siku mbili lori lilikwenda safi. Siku ya tatu tunapanda kutoka Muheza kwenda Amani, likaanza kuwa zito kama linaburuta gogo. Dereva akapunguza giya, halafu akapunguza tena, kisha ikaja harufu ya lainingi zinazoungua. Nikashuka, nikatema mate kwenye dramu la nyuma kushoto, yakachemka. Raba zilikuwa zimekunywa dizeli iliyobaki ndani, zikavimba, breki zikashika na kukataa kuachia. Tulifungua nipo moja moja presha itoke, tukageuza, tukarudi mwendo wa miguu.

Mzee aliyekuwa akinifundisha hakunigombeza. Alichukua glasi mbili za chai, moja akaitia dizeli, nyingine mafuta ya breki, akatumbukiza raba moja kila glasi, akaziweka juu ya kabati la spana. Akaniambia kila asubuhi nizitoe, nizifute, nijaribu kuziingiza kwenye silinda moja ya zamani. Ile ya mafuta ya breki iliingia kila siku. Ya dizeli, siku ya nne iligota mdomoni na haikuingia tena. Glasi zile zilibaki pale juu muda mrefu, na kila mwanafunzi mpya alionyeshwa, na akatajiwa jina langu.

Silinda ikishakuwa safi, pitisha kidole ndani. Kidole kikikwama kwenye vishimo vya kutu, usiisugue mpaka ipanuke. Mpelekee fundi wa kukereza chuma aiwekee bushi ya stenlesi, au tafuta nyingine. Mabomba ya chuma ya breki huoza mahali usipopaona, chini ya vile vibano vinavyoyashika kwenye chasisi, kwa hiyo fungua kila kibano. Ukibadilisha, weka bomba la breki. Kuna mafundi wanaoweka bomba la shaba la friji kwa sababu linapinda kirahisi na bei yake ni nafuu. Lori la mtu huyo usilipande.

Upande wa upepo kazi si kubwa. Fungua koki za chini ya matangi, toa maji na oili iliyokusanyika. Tangi lililokula kutu lisichomelewe, litupwe. Halafu siku utakapoliwasha, jaza upepo, zima injini, nenda kanywe kahawa. Ukirudi sindano ya geji iwe haijatembea sana. Ikiwa imelala, pita na povu la sabuni kwenye kila kiungo.

Kwenye matairi sitanii na mtu. Saizi ni 12.00-20, tairi kubwa, na ringi za magari haya nyingi ni za vipande, zina pete ya kufungia. Pete hiyo ikiruka na upepo wake haichagui, inaua. Kabla hujaingiza chuma cha kubandulia, toa kisindano cha ndani ya vali upepo wote uishe, kisha pitisha waya kwenye vali uhakikishe haijaziba kwa tope. Kuna magari mengine ya zamani ya jeshi la Uingereza yenye ringi ya nusu mbili zilizoungwa kwa nati. Nati zinazoshika nusu hizo jeshi lilizipaka rangi nyekundu. Hizo haziguswi tairi likiwa na upepo hata kidogo, na kama rangi imefutika, ipake upya kabla mpiga pancha wa barabarani hajaja kuzichanganya na nati za habu. Wakati wa kujaza, funga ringi kwa mnyororo, tumia mpira mrefu wa upepo, simama upande wa meno ya tairi yanayokanyaga barabara, kamwe usisimame mbele ya ubavu wenye pete, na wafukuze watoto. Wafukuze kweli, gereji za Ngamiani hazikosi watoto.

Tairi lenyewe usilihukumu kwa kashata, yaani meno yake. Tazama ubavuni tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT: 3618 ni wiki ya 36 ya mwaka 2018. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, lifanye bembea.

Chasisi igonge kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma ukisikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanong'ona. Lori lililolala Sahare au Raskazone, karibu na bahari, lioshwe kwanza kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, ndani ya mihimili ya chasisi, siku mbili tatu mfululizo. Watu hupaka oili chafu kuzuia kutu. Sikatazi, ila ikae mbali na mpira wowote.

Umeme wake ni volti 24, betri mbili za 12 zilizoungwa kwa mfuatano. Ugonjwa ninaoukuta kila mara ni huu: mtu anataka redio ya volti 12, anavuta waya kwenye betri moja. Redio inaimba vizuri. Lakini betri ile inaliwa peke yake, na alteneta inazichaji zote mbili kama kitu kimoja, kwa hiyo moja inabaki na njaa na ya pili inachemka. Baada ya miezi michache mtu anakuja analalamika betri za siku hizi hazina maana. Weka konveta ya 24 kwenda 12, redio iwe yake. Na kwa kuwa magari mengi ya jeshi hayana ufunguo, yana swichi tu, weka kikatio cha betri. Jirani yangu ana mjukuu anayejua kuwasha lori.

Haya, injini. Toa dizeli yote ya zamani, shusha tangi, lioshe. Letu lilitoa matope ya kujaza kopo la lita moja. Badilisha filta na vimpira vyote vya mafuta. Toa nozeli (zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda), tia oili nyepesi kidogo kwenye kila silinda, iache siku tatu. Kisha zungusha kwa mkono, spana ndefu kwenye nati ya puli ya krenki. Ikigoma, rudi kesho, ongeza oili, usiite watu watatu wa kuning'inia. Letu lilisogea siku ya tano, upana wa kidole, halafu robo mzunguko, halafu likaachia. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na safari ya kufungua silinda hedi imeanza. Mwaga oili, weka mpya, zungusha kwa stata nozeli zikiwa nje mpaka geji ya oili inyanyuke. Ndipo urudishe nozeli na utoe upepo kwenye filta na pampu.

Siku ya kuwasha uwe na ubao. Ubao wa mninga, ubao wa sanduku la machungwa, wowote ule, lakini uwe tambarare na uweze kuziba mdomo wote wa kuingizia hewa. Pampu ya dizeli iliyolala huweza kunata ndani ikiwa imefunguka, na injini ikishika kasi hiyo haijali umeondoa mguu wala umevuta waya wa kuzimia. Itapanda mpaka ijivunje. Ukiziba hewa inakufa. Sisi tulimsimamisha kijana na ubao tangu asubuhi. Lori likawaka saa nane mchana, likanguruma kistaarabu, ubao haukutumika. Kijana alikasirika kidogo.

Majaribio ya kwanza ni uwanjani, giya ya kwanza, kanyaga breki mara kumi, shuka, gusa dramu zote nne kwa mkono. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, irudie. Foo wili usiitie kwenye lami, utaikaza transifa bure. Itafutie mchanga au tope. Oili za giaboksi, transifa na difu zimwagwe zote, na vile vipumulio vya juu ya difu vizibuliwe, maana vikiziba oili inasukuma sili na kutokea kwenye breki ulizozihangaikia.

Rangi ya jeshi simwachii raia. Tulilipaka rangi ya maziwa na mstari wa kahawia, mwenyewe akaenda kurekebisha kadi ya gari kabla ya safari, kwa sababu kadi ina rangi, namba ya injini na ya chasisi, na trafiki wa Pongwe anajua kusoma.

Kile kitaa cha difu nilikivutia waya mpya na balbu ya volti 24. Mwenyewe alikubali baada ya kumwambia sitamtoza. Jioni ya mwisho tulilipeleka mpaka Muheza na kurudi, kijana wangu akifuata nyuma kwa bodaboda. Tulipofika uwanja wa gereji giza limeingia, nikazima taa zote nikaacha hicho kimoja. Kijana akasimama na pikipiki yake hatua ishirini nyuma, akasema anaona sahani nyeupe inaelea.