SOMO: Kutoa ukungu ukutani masika hii bila kujiumiza

Wakuu habari za mvua. Mwaka juzi nilipiga rangi mpya chumbani juu ya ukungu uleule, nikajiona fundi. Masika haijafika katikati madoa meusi haya hapa tena, na rangi inabanduka kama maganda ya kitunguu. Sasa fanyeni hivi.

1. Anza kutafuta maji yanatoka wapi. Doa likianzia juu, kagua bati na gata. Likianzia chini, unyevu unapanda toka ardhini. Likiwa nyuma ya kabati tu basi hewa haipiti, na nyumba zetu za siku hizi tumeweka madirisha ya aluminiamu tukaziba yale matundu ya juu waliyokuwa wanaacha mafundi wa zamani, halafu mvua ikinyesha tunaanika nguo ndani, sasa huo unyevu utokee wapi jamani? Hapa ukiparuka, kwingine kote unachoma hela ya jiki bure.

2. Watoto na mwenye pumu watoke. Vaa glavu, miwani na barakoa ya N95, sio ya kitambaa. Fungua madirisha ila zima feni ya dari, itakusambazia vumbi la ukungu nyumba nzima.

3. Usikwangue ukuta mkavu! Lowesha kwa maji ya sabuni, sugua na brashi, futa, tambara tupa.

4. Kwenye tailizi au ukuta wa saruji malizia na jiki, isizidi kikombe kimoja cha chai kwa maji lita 4. Gipsamu ikishalainika kata utoe, jiki haifiki ndani.

5. Sasa ndo washa feni, kausha haraka. Rangi isubiri ukuta ukauke kabisa, hata wiki kadhaa.

Ukungu ukizidi kama mita moja kwa moja tafuta mtu mwenye vifaa.

MASWALI

– Mkuu, wife anachanganya jiki na siki anasema ndo inakuwa kali, iko sawa?

Aache leo hii kaka! Hapo inatoka gesi ya klorini, inachoma mapafu. Na dawa ya choo yenye asidi hivyohivyo, na chochote chenye amonia nacho kinatoa gesi ya sumu. Ikishatokea tokeni wote nje mpaka hewa isafike, kifua kikibana nendeni hospitali, msisubiri maziwa yafanye kazi.

– Mie nipo Unguja, ukuta wangu watoa unga mweupe, nao ni ukungu?

Dada dondoshea maji kidogo, ukiyeyuka ni chumvi. Jiki haikuhusu, ila maji yanapita ndani ya ukuta, kwahiyo rudi namba 1. Na kama ni nyumba ya mawe pale Mji Mkongwe, usimruhusu fundi apige plasta ya saruji, zile kuta za chokaa zinapumua, ukizifunga unyevu unabaki ndani.

– Mkaa kwenye kabati la nguo unasaidia?

Harufu kidogo. Sogeza kabati mbali na ukuta kiganja kizima, hiyo inasaidia zaidi.

– Godoro je?

Ukiingia ndani ya sponji tupa tu, jua linakausha lakini ukungu wenyewe unabaki humohumo. Najua bei za magodoro, mi langu nililitetea miezi miwili nikipiga chafya kila asubuhi.