Maumivu Sugu ya Upande wa Nje wa Kifundo cha Mguu: Kuyatambua na Kuyatibu

Kifundo cha mguu kikiteguka, maumivu kwa kawaida hupungua ndani ya wiki chache. Yakipita miezi mitatu, lipo jambo linaloyaendeleza, na tiba itategemea kulijua jambo hilo.

Anza kwa kidole. Keti, legeza mguu, kisha bonyeza taratibu kuizunguka nundu ya nje mpaka upate mahali penyewe panapouma. Mbele kidogo ya nundu ipo ligamenti, yaani ukanda mgumu unaounganisha mifupa, inayoufunga mfupa wa fibula (mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu) na ule wa talasi (mfupa ulio ndani ya kifundo). Hiyo ndiyo inayochanika mara nyingi zaidi wayo unapopinda kwa ndani, na ikipona huku imelegea, kifundo huteguka tena na tena, hata kwenye njia ya kawaida yenye mawe machache. Nyuma ya nundu zinapita kano mbili (kamba zinazounganisha misuli na mifupa) za misuli ya peronea, inayosukuma wayo kwa nje, ambazo huuma zaidi mtu anapokimbia kwenye ardhi iliyoinama, na wengine huzihisi zikiruka kutoka mahali pake. Maumivu ya ndani kabisa, yanayoambatana na kifundo kukwama, hutia shaka kwamba gegedu la talasi, yaani utando laini unaofunika mfupa huo kwenye kiungo, limeumia, ilhali ganzi au hali ya kuungua juu ya wayo huelekeza kwenye neva. Mfupa nao usisahauliwe: aliyeshindwa kutembea hatua nne baada ya kuumia, au anayeumia akibonyezwa ncha ya nundu au ukingo wake wa nyuma, anahitaji picha ya eksirei.

Mara nyingi, hata hivyo, picha haionyeshi mfupa uliovunjika, na mgonjwa huambiwa apumzike. Ushauri huo pekee hautoshi, kwa sababu kinachokosekana ni nguvu ya misuli na uwezo wa mwili kuhisi wayo umekaaje, na vyote viwili hurudi kwa mazoezi. Kuchuliwa kwa nguvu, desturi iliyoenea sana kwetu, huleta nafuu ya muda tu, na kama kano imechanika au mfupa una ufa, huongeza madhara.

Funga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye mguu wa meza, kipitishe kwenye wayo, kisha usukume wayo kwa nje na kuurudisha polepole, mara 10 hadi 15 kwa awamu tatu. Inuka kwa vidole vya miguu na ushuke bila haraka. Zoezi muhimu kuliko yote, na ndilo watu wanalolidharau, ni kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta kwa sekunde 30. Likizoeleka, lifanye umefumba macho, baadaye juu ya mto. Maumivu madogo yanayotulia kufikia asubuhi si kikwazo. Yakizidi, punguza idadi. Tarajia wiki 6 hadi 12 kabla ya kupima matokeo. Katika kipindi hicho vaa viatu vinavyoshika kisigino badala ya kandambili, na kwenye michezo tumia kishikizo cha kifundo.

Ibuprofeni, dawa ya maumivu, husaidia kwa siku chache, lakini wenye vidonda vya tumbo, wenye maradhi ya figo na wajawazito wasiitumie bila ushauri wa daktari. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, karibu na kano ijadiliwe kwa makini, kwani inaweza kuidhoofisha hadi ikatike.

Kifundo kikiendelea kulegea baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya kweli, daktari wa mifupa anaweza kupendekeza kukaza ligamenti kwa upasuaji, mbinu iliyoelezwa na Lennart Broström wa Uswidi mwaka 1966 na ambayo, ikiwa imeboreshwa, bado inatumika.

Homa pamoja na uvimbe mwekundu haisubiri mazoezi. Mwenye kisukari ambaye wayo wake umevimba na kupata joto aache kuukanyagia na aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hauumi sana, kwa kuwa neva zilizoharibika huficha mfupa unaovunjika.