Kundi la WhatsApp la kulipia: jinsi ya kuliendesha Uganda likaleta pesa kila mwezi

Mwezi wa kwanza watu hulipa kwa kutaka kujua ndani kuna nini. Mwezi wa pili hulipa kama walichokikuta kimewaingizia pesa au kimewaepusha na hasara. Kwa hiyo kabla ya kufungua kundi jiulize: nina kitu gani kitakachochakaa wiki hii, na mtu akakihitaji tena wiki ijayo? Masomo ya kufuga kuku yana mwisho. Mwanachama akishapata faili anaisambaza kwa shemeji zake, naye anaondoka. Lakini bei ya mahindi ya Jumanne pale Busia haimsaidii mtu Ijumaa.

Tuchukue basi kundi la bei za nafaka kwa wafanyabiashara wa mipakani. Kiswahili hapa ni mtaji: mnunuzi wa Malaba (mpaka wa Kenya), dereva wa Mutukula (mpaka wa Tanzania) na dalali wa Elegu (mpaka wa Sudan Kusini) wanaelewana bila mkalimani.

Anza na chaneli ya WhatsApp ya bure, siyo kundi. Chaneli huzungumza upande mmoja, na wafuasi hawaonani namba. Weka humo bei ya soko moja tu, siku ileile, saa ileile, kwa wiki sita mpaka nane. Ukikosa wiki moja katika kipindi hiki, usitoze mtu bado. Aliyeshindwa kutimiza ahadi ya bure hataaminiwa na pesa.

Wakati huohuo tafuta waleta bei, yaani watu wa kukuletea bei za sokoni, mmoja kila mpaka, na uwalipe. Anayefanya kwa hisani atachoka, au ataleta bei inayompendelea yeye mwenyewe. Wape kanuni moja isiyovunjwa: kila bei iwe ya kilo. Magunia hayalingani, na bei ya gunia bila uzito ni uvumi. Aandike pia kama mahindi ni makavu; kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na tofauti nyingi za bei ambazo watu huziita ulaghai ni unyevu tu. Kila bei ithibitishwe na wauzaji wawili wasiohusiana.

Pamoja na bei, lete habari za vibali. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu (sumu ya ukungu wa nafaka), kisha siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti, likiwemo cheti cha kuonyesha kwamba sumu haifiki sehemu 10 kwa bilioni. Mwenye lori njiani siku zile angelipa ada ya mwaka mzima ili aelezwe masharti hayo kwa lugha nyepesi.

Sasa hesabu. Tuseme ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi, na wanachama ni 60: zinaingia 600,000. Waleta bei wanne kwa 60,000 kila mmoja ni 240,000. Data na muda wa maongezi 60,000. Zinabaki 300,000. Wakibaki wanachama 35, mkononi mwako inabaki 50,000, na wakifika 30 unafanya kazi ya bure. Ijue namba hiyo ya 30 kabla hujaajiri mleta bei wa tano. Wachuuzi wadogo wape ada ya wiki, 3,000, maana wengi hununua hata data kidogokidogo. Kazi ya kufuatilia itaongezeka, ndiyo sababu wiki nne zinazidi bei ya mwezi.

Pokea malipo kwa namba ya biashara ya MTN MoMo na Airtel Money, iliyotengana na laini yako ya nyumbani. Usikubali picha ya skrini wala ujumbe uliosambazwa kuwa ni ushahidi. Hutengenezwa kwa dakika moja. Fungua taarifa ya akaunti yako mwenyewe, utafute namba ya muamala. Jina halitoshi, kwa kuwa wengi hulipa kwa laini ya mke au kaka. Na akija wa "nimekutumia kimakosa, nirudishie", tazama salio kwanza. Kutoa pesa taslimu kuna kodi ya asilimia 0.5 juu ya makato ya kawaida, hivyo walipe waleta bei moja kwa moja kutoka kwenye simu badala ya kwenda kwa wakala kisha kurudi.

Daftari liwe na safu tano: jina, namba ya simu, namba ya muamala, siku aliyolipa, siku inayokwisha. Kumbusha siku tatu kabla, tena siku yenyewe, kwa ujumbe wa faragha. Keshokutwa yake muondoe. Hapa ndipo makundi mengi hufa: msimamizi anamwonea haya mzee mmoja asiyelipa, wanaolipa wanajua (hujua siku zote), na mwezi unaofuata nao wanachelewa.

Katika mipangilio, washa idhini ya msimamizi kwa kila anayeingia, na badilisha kiungo cha mwaliko mara kwa mara. Kundi lina nafasi 1,024, lakini ukivuka watu 150 hivi mazungumzo huanza kuzama. Lifunge mchana wabaki wasimamizi tu, ulifungue saa mbili hadi saa tatu usiku watu waulize na kutangaza mizigo. Namba za wanachama zinaonekana na wote, kwa hiyo waambie hivyo kabla hawajalipa; sheria ya 2019 ya kulinda data binafsi inataka ridhaa. Andika wazi pia kwamba kundi halidhamini mauzo, na usishike kamwe pesa ya mzigo wa mtu. Siku dalali atakapokimbia, watakuja kwako.

Tovuti ya uanachama isubiri. Programu nyingi za namna hiyo zimetengenezwa kwa kadi ya benki inayokatwa yenyewe kila mwezi, ilhali pesa za simu hutaka mwanachama aweke namba ya siri kila mara. Ukijenga, tumia kampuni ya malipo inayopokea MTN na Airtel, kama Pesapal au Flutterwave, na usitegemee kwamba mtu ataendelea kulipa kwa kusahau. Zaidi ya hayo, aliyenunua bando la WhatsApp hawezi kufungua tovuti yako kwa bando hilo. Facebook nayo imefungwa nchini tangu Januari 2021. Usiifanye mlango wako mkuu.

Januari hiyohiyo intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Kwa hiyo orodha ya namba iwe pia kwenye karatasi, bei ziweze kwenda kwa SMS fupi: soko, zao, bei ya kilo. Siku ambazo mtandao umezimwa, ziongeze kwenye muda wa kila mwanachama bila kusubiri aombe, na uandike hilo kwenye masharti tangu siku ya kwanza.