Stuli ya maboksi kwa chumba kimoja

Chumba changu cha Kawempe ni futi kumi kwa kumi. Hapa Uganda vyumba vya kupanga vya namna hii tunaviita muzigo, na siku nilipomwambia shangazi wa Mombasa kwamba naishi kwenye muzigo, alidhani nalala juu ya magunia. Kitanda kimeshakula nusu ya nafasi, sofa haiingii. Nikaanza kutengeneza stuli za maboksi. Hii ninayoikalia sasa iko mwaka wa tatu.

Wanaocheka huwa nawakumbusha Olimpiki ya Tokyo ya 2021, ile ambayo Cheptegei na Chemutai walituletea dhahabu. Wanariadha kule walilazwa kwenye vitanda vya kadibodi vilivyoundwa kubeba kilo 200.

Maboksi yapo Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, jioni maduka yanapofungwa. Chukua mazito, ya televisheni au friji. Ukitazama ukingo wake utaona safu mbili za mawimbi, ile karatasi iliyokunjwakunjwa katikati ya kadibodi. Lililomwagikiwa mafuta ya kupikia liache, gundi haishiki na panya hawatakuacha ulale. Lililowahi kulowa pia usichukue, hata kama limeshakauka. Libonyeze kwa dole gumba: likibonyea kama mkate, si lako.

Sasa jambo lenyewe. Yale mawimbi yakisimama wima, kila moja ni nguzo ndogo. Yakilala, hayabebi kitu. Mimi stuli ya kwanza nilikata hovyo ili nisipoteze kipande. Mjomba, askari mstaafu, akaikalia na chai yake mkononi. Ikaanza kushuka polepole. "Mpwa wangu," akasema, "kiti chako kinapiga magoti." Chai haikumwagika, lakini somo nililipata.

Kata mbavu kumi, yaani vipande vya ndani vinavyobeba uzito, kila moja urefu sentimita 36 na kimo 38, mawimbi yote yakielekea juu. Kama boksi lako ni la safu moja, gundisha vipande viwili kwa kila ubavu. Pima alama kwenye 4, 11, 18, 25 na 32, kisha kwenye kila alama chana mwanya wa kina cha sentimita 19. Mbavu tano zichanwe kutoka juu, tano kutoka chini, ndipo ziingiliane. Upana wa mwanya uwe sawa na unene wa ubavu, usizidi. Ukilazimika kusukuma kidogo, umepatia. Ukiingia wenyewe, stuli itacheza. Kisu kiwe kikali na ukate kwa kupitisha mara tatu nne, bila kukandamiza, maana ukikandamiza unaponda mawimbi. Kupata pembe mraba mimi hutumia kona ya kitabu kigumu.

Gundi: koroga kikombe kimoja cha unga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, mimina juu yake vikombe vinne vya maji yanayochemka huku ukikoroga hadi ing'ae. Ipoe. Paka nyembamba sana. Kadibodi yenyewe kiwandani hushikwa kwa gundi ya wanga, kwa hiyo ukiirowesha unaifumua. Vipande vilivyogundishwa viweke kati ya mbao mbili, juu yake jerikani la lita 20 lililojaa maji, hadi asubuhi.

Kikalio ni miraba mitatu ya sentimita 38, mawimbi ya ule wa katikati yakikatiza ya wenzake. Hapa na kwenye maungio natumia gundi nyeupe ya seremala. Mende wanapenda wanga kuliko sisi tunavyopenda matoke.

Funika pande nne kwa kadibodi, halafu bandika juu yake vipande vya karatasi safi ya ndani ya mfuko wa saruji, ukizungusha kila ukingo usibaki wazi. Ikikauka siku mbili kivulini, paka vanishi mara mbili, chini pia. Wengi husahau chini, na huko ndiko unyevu unakopanda msimu wa mvua, sakafu ya saruji ikitoka jasho. Kata vipande vya kandambili kuukuu, bandika vinne kwenye pembe. Mtaa wako ukifurika kama jirani zetu wa Bwaise, mawingu yakikusanyika tu pandisha stuli kitandani. Ni nyepesi, mtoto anaibeba.

Sigiri, jiko la mkaa, ikae mbali nayo. Na mtu asisimame juu yake kubadilisha balbu: ukingo mmoja ukibeba uzito wote, mbavu zinapinda.

Stuli ikichoka, kadibodi iliyopakwa vanishi usiichome kupikia, moshi wake ni mbaya. Mbavu za ndani, ambazo hazijapakwa, mimi huzichomoa na kukagua moja moja. Safari iliyopita sita zilikuwa bado nzima, zikaingia kwenye stuli ya mjomba. Hiyo haijapiga magoti.