Namna ya kupima mkondo wa masomo ya chuo kikuu kabla ya kumwandikisha mtoto, Lubumbashi

Wazazi wengi wa hapa Lubumbashi huuliza kwanza jina la chuo na kiasi cha minervali, yaani karo ya mwaka, kisha wanaridhika. Jina peke yake halitoshi, kwa kuwa hata chuo kikubwa kama UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kina fakulte (vitivo) nyingi, na hali ya fakulte moja haielezi hali ya nyingine. Kinachopaswa kupimwa ni mkondo ule ule ambao mtoto ataufuata.

Ikiwa chuo ni cha watu binafsi, omba kuona hati ya Wizara ya Elimu ya Juu na ya Chuo Kikuu, na uhakikishe kwamba inautaja mkondo huo, si chuo tu. Diploma isiyotambuliwa na Serikali humkwamisha mwenye nayo siku anapoomba kazi au anapotaka kuendelea na masomo.

Kisha omba maketi ya masomo, yaani orodha ya kozi zote za mkondo pamoja na saa zake. Katika mfumo wa LMD (lisansi, mastaa, doktora), lisansi, yaani shahada ya kwanza, ni miaka 3 yenye krediti 180, yaani 30 kila semesta, na mastaa, shahada ya pili, huongeza miaka 2 na krediti 120. Soma maketi hiyo kozi kwa kozi, ukitazama hasa saa za mazoezi, kwa sababu kuna mahali ambapo kozi za mfumo wa zamani zimebadilishwa majina tu.

Jambo linalostahili muda wako mwingi ni walimu. Usiishie kwenye ofisi. Zungumza na wanafunzi wa mwaka wa tatu wanapotoka auditwari (ukumbi wa mihadhara), uwaulize ni nani hasa anayefundisha kila kozi kubwa, kama ni profesa au msaidizi wake, kama anaishi hapa mjini au ni mgeni anayekuja kumaliza kozi nzima kwa wiki moja, asubuhi hadi jioni, na kuondoka kabla wanafunzi hawajapata swali la kumuuliza. Waulize pia kama silabusi imerekebishwa miaka ya karibuni, na kama karatasi za mtihani hurudishwa zikiwa zimesahihishwa. Kwangu mimi, majibu haya yana uzito kuliko jengo jipya lolote.

Kwa jiolojia, metalujia au kemia, ingia maabara yenyewe. Nimekutana na kijana aliyemaliza kemia bila kushika bireti, mrija wa kupimia vimiminika, mkononi, na jambo hilo liliniuma, kwa sababu mji huu unaishi kwa shaba na kobalti. Kwa udaktari, uliza ni hospitali gani inayowapokea wanafunzi, na wanakaa wangapi kwa mgonjwa mmoja.

Hatimaye tafuta watu watatu au wanne waliomaliza mkondo huo miaka miwili iliyopita, ujue kama staji, yaani mafunzo ya kazini, walizipata kwa msaada wa chuo au wa ndugu zao, na leo wanafanya kazi gani. Andika yote daftarini kabla ya kulipa sehemu ya kwanza ya minervali, maana fedha ikishaingia, kurudishiwa ni shida.