Bao la kujifunza: kete ulizokula zinaanzia wapi

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kila mara upya. Sasa naliandika mara moja.

1. Ubao una mashimo 32, safu nne za manane. Mbili za upande wako ni zako. Tia kete mbili kila shimo, jumla 64.

2. Chukua shimo lenye kete mbili au zaidi, gawa moja moja kwenye safu zako, kulia au kushoto.

3. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, yaani zamu yako imeisha.

4. Ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na la mwenzio linalolikabili lina kete, unazila. Za safu yake ya nyuma usiziguse. Ulizokula unazigawa upande wako kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, siyo pale ulipokula! Ulikuwa unakwenda kulia? Anza kichwa cha kushoto, uendelee kulia. Lakini ukila kwenye kimbi (kichwa au shimo linalokifuata), lazima uanzie kichwa kilicho karibu, hata kama safari inageuka. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikula kimbi cha kulia nikaanzia kushoto, nikazunguka na kula tena mara mbili. Mzee niliyecheza naye alisubiri nimalize, kisha akarudisha kete zote mahali pake, shimo kwa shimo, bila kuuliza, akaniambia, "Anza tena, mwanangu."

5. Mgawo wa kwanza usipokula, zamu yote ni takata: ukiangukia penye kete unazikusanya na kuendelea, ila huli. Penye nafasi ya kula, kula ni lazima.

6. Safu ya mbele ya mwenzio ikiwa tupu, au akikosa shimo la kete mbili, umeshinda.

Adabu: dondosha kete zionekane. Mtazamaji afunge mdomo.

Maswali

Mgeni: Nikila naziweka pembeni?
Mwandishi: Hapana. Soma namba 4.

Mgeni: Kwetu tunaanzia popote.
Mwandishi: Basi mnacheza mchezo mwingine. Somo hili ni la bao.

Binti wa Pwani: Shikamoo. Mbona nyumba hujaitaja?
Mwandishi: Marahaba. Umeuliza vizuri. Nyumba ni shimo maalumu la safu ya mbele, nayo ni ya bao la kiswahili, lile bao kamili. Humo unaanza na kete 6 ndani ya nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni, moja kila zamu. Ukiwa unakula na kete ya mwisho ikatua nyumbani, unachagua: ulale, au uisafirishe, yaani uzigawe kete zake. Kimbi kikishakukaa machoni, njoo tuanze.

Binti wa Pwani: Sina komwe, zile mbegu za kuchezea. Kokoto zinafaa?
Mwandishi: Zinafaa, zikiwa laini na ndogo.

Mvuvi: Mkomwe unaota karibu na ufukwe, dada. Maganda yake yana miiba, subiri yapasuke yenyewe.